Visiki Viwili vya Kalimoni

Ijumaa, tarehe kumi na nne Novemba, saa tisa alasiri, nilikuwa nimepiga magoti barazani kwangu Ruiru, nikipangusa majani ya mti wa kahawa kwa pamba iliyoloweshwa maji. Mti wenyewe ulikuwa na kimo cha mkono wangu kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole, nao ulisimama katika chungu chenye kina cha bakuli la supu. Shina lake lilikuwa nene kuliko kifundo cha mguu wangu, limekunjamana na kupasuka, na upande mmoja lilikuwa na kovu la panga lililojifunga lenyewe zamani. Kesho yake asubuhi ulipaswa kuwa juu ya meza katika ukumbi wa kanisa mjini Thika, kwenye maonyesho ya chama chetu cha wakuzaji wa bonsai. Yalikuwa maonyesho yangu ya kwanza.

Kwa asiyefahamu, bonsai si aina ya mti. Ni namna ya kuulea mti wowote ule ndani ya chungu kidogo, kwa kupogoa matawi na mizizi na kuyaongoza matawi kwa waya, mpaka mti huo mdogo uwe na sura ya mti mkuu uliosimama peke yake uwandani. Mwenzangu mmoja katika maktaba ya chuo ninakofanya kazi aliwahi kuniuliza kama mti wangu ulidumaa kwa kukosa mbolea. Nilimjibu kwamba, kwa maana fulani, ndiyo.

Hofu niliyokuwa nayo alasiri ile haikuwahusu waamuzi. Mama alikuwa ametuma ujumbe kwamba atakuja, na mimi nilikuwa nimemdanganya kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Shamba la wazazi wangu liko Kalimoni. Baba alipofariki, kahawa ilibaki mikononi mwa Mama, kisha magoti ya Mama yakachoka, na sisi watoto tukakaa sebuleni kwake tukakubaliana kwamba miti ing'olewe na pajengwe vyumba vya kupanga. Mama alikubali kabla hatujamaliza kueleza. Siku tingatinga lilipokuja, hakutoka nje. Alikaa jikoni akichambua maharagwe. Masikio yake yamekuwa mazito miaka hii, na kifaa cha kusikia alichonunuliwa kinakaa ndani ya kikombe kabatini kwa sababu, anasema, kinamletea kelele za vijiko tu. Hata hivyo alijua kila safu ilipokuwa ikiondoka. Alikuwa amevua viatu na kukanyaga sakafu kwa nyayo tupu, na kila mara alipouinua uso nilijua kwamba ardhi ilikuwa imetikisika.

Wakati huo nilikuwa nimejiunga na chama kwa miezi michache, na mti wangu pekee ulikuwa mfikasi, mti wa jamii ya mkuyu, wa kununua. Nilimwomba kisiki kimoja kabla tingatinga halijafika safu ya juu. Alitoka, kwa mara ya kwanza siku ile, akatembea na fimbo yake mpaka kwenye safu, akagonga visiki viwili. Nilimwonyesha kidole kimoja, nikimaanisha kwamba baraza yangu ni ndogo. Akanionyesha viwili. Vikachimbwa viwili.

Mimi ni mtu wa vitabu, na mtu wa vitabu huona maana hata pale ambapo hapana. Nilipokuwa nikivipeleka visiki vile nyumbani, vimefungwa kwa magunia yenye unyevu, nilikuwa tayari nimeamua maana yake: viwili, Baba na Mama. Kimoja kilikuwa kirefu na kimeinama kidogo; kingine kilikuwa kifupi, kipana, kimekaa chini kama mtu asiyetaka kuondoka. Sikumwuliza. Nilihisi kwamba kuuliza kungekuwa utovu wa adabu.

Alichonipa pamoja na visiki hivyo ni agizo moja. Wakulima wa kahawa wanapoikata miti iliyozeeka ili ichipue upya, hawayakati matawi yote. Huacha tawi moja la zamani, aghalabu lile la hovyo kuliko yote, liendelee kuulisha mti wakati machipukizi mapya yanakua. Mama huliita pafu. Aliniandikia kwenye karatasi, kwa mwandiko wake wa herufi zilizosimama wima: Usikate pafu mpaka nikwambie.

Nililikata kwenye kisiki kirefu wiki ya tatu.

Nina sababu, ingawa hazinitetei. Nilikuwa nimetazama video nyingi. Mzee mmoja mwenye mikono tulivu, katika nchi ya mbali, alikuwa akikata matawi yote ya mti wake, na miezi sita baadaye mti ule ulikuwa umejaa machipukizi kama kichwa cha mtoto kinachoota nywele. Tawi la kisiki changu kirefu lilikuwa baya. Lilitoka chini, likapinda, likaelekea pembeni kama mkono unaoomba. Nikaona agizo la Mama lilihusu shamba, si chungu. Nilikata kwa usafi. Nikakitazama kisiki changu kimebaki wima, laini, bila aibu yoyote, na nikajiona fundi.

Hakikuchipua. Baada ya miezi mitatu nilikwaruza gome kwa ukucha, nikitafuta ile rangi ya kijani iliyo chini yake, nikakuta kahawia. Nikakwaruza juu zaidi, na chini zaidi, mpaka nikawa nimelichuna shina kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Nilikiondoa chunguni, nikakiweka nyuma ya tangi la maji pamoja na mabeseni yaliyopasuka, na sikuweza kukitupa wala kukichoma.

Kwa kuwa simu haitufai, mimi na Mama huandikiana. Dada yangu mdogo, anayeishi naye, hupitia kwangu kila Ijumaa akitoka kazini, nami humpa bahasha. Katika barua yake iliyofuata Mama aliuliza: Visiki vinaendeleaje? Nilichukua kalamu. Kisha nikaandika kwamba vinaendelea vizuri. Baada ya hapo uwongo ulijiendesha wenyewe. Niliandika kwamba nimevihamishia jua la asubuhi, kwamba nimevinyima maji kidogo wakati wa mvua, kwamba kimoja kina majani mengi kuliko mwenzake. Hilo la mwisho lilikuwa kweli.

Kisiki kifupi nilikiacha na pafu lake. Nilikilea kwa woga uliozidi mapenzi. Machipukizi matatu yalitoka juu ya kovu la panga, nikayaongoza kwa waya mwembamba, nayo yakatii. Pafu liliendelea kukua upande wa kushoto, refu, jembamba, likipinda pasipo mpango. Kila mtu aliyeuona mti ule aliniambia kitu kimoja: likate.

Wa kwanza alikuwa mwenyekiti wa chama chetu, daktari wa meno mstaafu aliyekulia upande wa magharibi kwenye mashamba ya miwa. Hutumia vyombo vyake vya kazi kwenye miti: kioo kidogo cha kutazamia nyuma ya magego hukitumia kutazamia chini ya matawi. Siku ya maonyesho nilifika ukumbini saa mbili asubuhi, naye alikuwa ameshafika, amevaa aproni, akizunguka meza. Alikisogeza kioo chake chini ya mti wangu, akaguna.

“Madam, hili jino limeoza,” alisema. “Nipe dakika mbili.”

Nilimweleza kwamba nilikuwa nimemwahidi mama yangu.

“Mama ni mwanachama?”

“Mama ni mkulima.”

“Aa,” akasema, akikirudisha kioo mfukoni. “Hao ndio wagumu.”

Nilikuwa na nafasi ya upana wa meza ya shule, iliyofunikwa kitambaa cha rangi ya maziwa, na saa moja na nusu ya kuipanga. Kanuni tulizofundishwa ni chache. Mti haukai katikati. Kila mti una uso, yaani upande mmoja unaopaswa kumtazama mgeni. Chini ya chungu pawe na kitu cha kukiinua, na kando, kwa mbali kidogo, pawe na mmea mdogo wa kuandamana nao, ili jicho likishauona mti lipate pa kupumzikia. Nafasi tupu kati ya viwili hivyo nayo huhesabiwa kuwa sehemu ya onyesho. Mwenyekiti husema ndiyo sehemu ngumu zaidi, kwa kuwa haikubali kufungwa waya.

Cha kukiinulia chungu nilikuwa nacho: kipande cha ubao kutoka kwenye meza ya kuanikia kahawa iliyokuwa nyuma ya nyumba ya Kalimoni. Kilikuwa cha kijivu kwa jua la miaka, na misumari yake ilikuwa imeacha mashimo yenye pete za kutu. Mmea wa kando ndio ulionisumbua. Wenzangu walikuwa na feri ndogo na nyasi nzuri za kununua. Mimi, wiki moja kabla, nilikuwa nimeng'oa gugu penye mfereji wa maji nyuma ya ploti yetu, lile linalotambaa, lenye maua madogo ya buluu yenye petali mbili kama masikio ya panya, ambalo hakuna shamba la kahawa lisilo nalo. Nililipanda ndani ya kikombe cha udongo kisicho na mkono.

Nilianza kwa kuficha. Niliugeuza mti ili pafu lielekee nyuma, ukutani. Likafichika vizuri sana, na kovu la panga likafichika pamoja nalo, na machipukizi matatu yakawa yanamtazama mgeni kwa visogo. Mti ulionekana safi, nami niliyakumbuka macho yangu yenyewe yakikitazama kile kisiki kirefu siku nilipokikata. Nikaugeuza tena. Nikausogeza kulia. Nikauzungusha kidogo, kama unavyomzungusha mtoto wakati wa kumpiga picha, mpaka kovu likapata mwanga wa dirisha. Pafu sasa lilining'inia kushoto juu ya meza tupu, likionyesha mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Kisha nikachukua kikombe cha gugu nilichokuwa nimekiweka upande wa kulia, nikakizungusha nyuma ya mti na kukitua kushoto, chini ya ncha ya lile tawi, si karibu sana. Tawi likawa limepata pa kuelekea. Sikulinyoosha wala sikulifunga. Lilikuwa baya vilevile, ila sasa lilionekana kama linaloinama kuangalia kitu chini. Mwenyekiti alipita, akasimama, akapita tena, na safari ile hakutoa kioo.

Mbele ya chungu niliweka kadi niliyoiandika kwa mkono: kahawa, kutoka Kalimoni, umri sawa na wa mkuzaji. Tuliambiwa hivyo tangu utotoni, kwamba Baba alipanda safu ya juu mwaka niliozaliwa.

Mwamuzi alikuwa mama mmoja mwembamba kutoka Nairobi, aliyetembea na mikono nyuma na hakuzungumza na mtu. Kwenye meza yangu aliinama mara mbili. Aliacha karatasi ndogo iliyoandikwa kwamba uwiano wa vitu ni mzuri na ubao umechaguliwa kwa busara, lakini tawi la kushoto linavuta jicho kuliko shina, na kwamba mkuzaji aliondoe. Niliisoma nikaikunja. Ilikuwa haki. Nilikuwa nikiangalia mlango.

Mama alifika saa tano, na dada yangu akimshika kiwiko. Alikuwa amevaa sketi na koti la kanisani, na kitambaa cheupe kichwani. Mtu asiyesikia vizuri hajui sauti yake ina ukubwa gani, na ukumbi ule ulikuwa kimya kama chumba cha mtihani. Alizipita meza tano bila kuzitazama. Alipofika kwangu, kitu cha kwanza alichokiona hakikuwa mti.

“Maitu,” alisema, na ukumbi mzima ukageuka. Huniita hivyo, yaani mama yangu, kwa kuwa mimi ni binti wa pili na nilipewa jina la mama yake. “Hili gugu ndilo umeleta kwa watu?”

Nilitikisa kichwa kukubali.

“Nimelipiga jembe tangu niolewe. Kumbe lilikuwa linatafuta kikombe.”

Watu walicheka, naye akawatazama, akaridhika kwamba wameelewa. Kisha akauendea mti. Akauangalia kwanza kwa mbali, kichwa kimeelekea upande, halafu akanyoosha mkono na kulishika shina kwa kiganja chote, kama mtu anayepima joto la mgonjwa. Kwenye kila meza palikuwa na kibao kinachosema usiguse. Mwenyekiti alikuja haraka, akiwa ameinua mikono yote miwili, akamwambia kwa heshima kwamba hapa hatugusi. Mama hakumsikia, au alimsikia. Alipitisha kidole gumba kwenye chipukizi la kwanza, la pili, la tatu, akasimama kwenye pafu. Kisha akamtazama mwenyekiti.

“Wewe ndiye daktari wa meno?” Alimwuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni. Nilikuwa nimemtaja kwenye barua.

“Ni mimi, mama.”

“Na unataka hii ikatwe.”

Mwenyekiti alinitazama kuomba msaada. Sikumpa.

“Zamani, kabla ung'oe jino ya mtu, ulikuwa unampiga sindano?”

“Nilikuwa nampiga,” alisema kwa sauti ya juu, akiwa ameshaelewa kwamba lazima apaze.

“Basi. Hii ndiyo sindano yake. Ngoja ishike.”

Mwenyekiti alishusha mikono. Baadaye siku ile alinijia na daftari akaniomba nimweleze upya habari za pafu, kwa sababu ana mforosadi uliomfia katika mazingira ambayo, alisema, sasa anaanza kuyaelewa.

Lakini wakati huo nilikuwa nimeshaona Mama akitafuta kitu kwa macho. Alitazama meza iliyofuata, akatazama chini ya kitambaa cha meza yangu. Nilijua kabla hajafungua kinywa.

“Na kile kingine kiko wapi? Kile kirefu?”

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo kwa mwaka mzima. Nilikuwa na sentensi mbili au tatu zilizopangwa vizuri, za kusemwa taratibu, jikoni kwake, nikiwa nimemshika mkono. Sikuwahi kufikiria kwamba ningelazimika kuzisema kwa kelele. Nilijaribu kusema kwa midomo. Aliinamisha sikio. Dada yangu alianza kutafuta kalamu mkobani. Watu walikuwa wameacha kujifanya wanatazama miti yao.

“Kilikufa, Mama!” nilisema, kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia mahali popote penye paa. “Nilikiua!”

Mama alinitazama usoni.

“Ulikata pafu?”

Nilitikisa kichwa kukubali.

“Lini?”

Nilimwonyesha vidole vitatu, nikaongeza kwamba ni wiki, na kwamba barua zote zilizofuata nilizijaza uwongo. Hilo la barua sikujua kama limefika. Alikuwa ameanza kutafuta pa kukaa. Mwenyekiti alimletea kiti, akaketi mbele ya meza yangu kama mtu aliyekuja kuutembelea mti, akaweka mkoba mapajani.

“Baba yako naye alikata,” alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Ndipo akasimulia, kwa sauti ile ile ya kuujaza ukumbi, jambo ambalo halijawahi kusimuliwa nyumbani kwetu. Safu ya juu ilipochoka kuzaa mara ya kwanza, baada ya miaka sita hivi, Baba aliikata. Alikuwa kijana, na mwenye haraka, na aliona kuacha matawi ya zamani ni uvivu wa wazee. Akakata yote, safu nzima, ikasimama safi kama nguzo za ua, na majirani wakaja kusifu. Mvua zilizofuata zilikuta safu imekauka. Hakuna mti hata mmoja uliochipua. Kisha wao wawili wakaing'oa, wakachimba upya, na tangu hapo, kwa kila kitu walichopanda, wakaweka miche miwili katika kila shimo.

“Wewe ulikuwa umeanza shule,” alisema. “Uliibebea maji kwa kopo la rangi. Unasahau kila kitu.”

Nilikumbuka kopo. Nilikumbuka mshikio wake wa waya uliokata vidole, na njia ya kupanda kutoka kwenye bomba, na kukasirika kwangu kwa kutoelewa kwa nini miti iliyokuwapo tangu zamani imekuwa midogo tena. Hakuna aliyeniambia. Nilikuwa nimeulea mti huu mara mbili, na mara ya kwanza nilikuwa nimenuna.

“Ulidhani nilikupa viwili kwa nini?” Mama aliuliza.

Ningeweza kunyamaza. Lakini siku ile nilikuwa nimeshapiga kelele la kwanza, na la pili lilikuwa rahisi zaidi. Nilimwinamia, nikasema kwamba nilidhani ni yeye na Baba.

Alinikazia macho mpaka nikaona maana imemfikia. Kisha akaanza kucheka. Mama hucheka kwa mabega kwanza, sauti hufuata baadaye, na safari hii sauti ilipofika ilimlazimu avue miwani na kufuta macho kwa ncha ya kitambaa.

“Mimi na baba yako!” alisema. “Maitu, mimi siwezi kukaa kwenye sahani.”

Dada yangu alikuwa ameketi sakafuni, amejishika tumbo. Nami nilicheka, ingawa si kwa sababu ile ile. Nilikuwa nikisikia mabega yangu yakishuka, kidogo kidogo, kutoka mahali yalipokuwa yamekwama tangu mwezi ule nilipokwaruza gome nikakuta kahawia. Kile kisiki kirefu hakikuwa Baba. Kilikuwa mche wa pili wa shimo, ule unaowekwa kwa ajili ya siku ambayo mtu mwenye haraka atakosea. Nami nilikuwa nimekosea kwa namna ambayo ilikwisha kuhesabiwa na kuwekewa akiba kabla sijajua kusoma.

Kabla ya kuondoka aliniagiza tena, kwa mdomo safari hii. Mvua zikipungua, machipukizi yakivaa ngozi ya kahawia kufikia urefu wa kidole kutoka shinani, nikate pafu mara moja, asubuhi, nisipake kitu. Nilichukua kadi yangu, nikafuta yale maneno ya umri sawa na wa mkuzaji, nikaandika juu yake: mdogo kuliko mkuzaji. Hatukupata tuzo yoyote. Alasiri nilipoufunga mti kwa magazeti, niliiweka karatasi ya mwamuzi ndani ya daftari langu, kwa kuwa siku moja, alichoandika, nitakitii.

Barua ninayoinakili hapa niliituma wiki chache baadaye, Ijumaa, kwa mkono wa dada yangu.

Mama mpendwa,

Natumaini magoti yako yanakuruhusu kufika kanisani. Hapa mvua zimekwisha tangu Jumatatu na vumbi limerudi.

Pafu nimelikata jana asubuhi. Nilipima kwanza kwa kidole changu, kisha nikakumbuka kwamba chako ni kirefu zaidi, nikasubiri siku mbili. Sikupaka kitu. Leo nimelitazama kovu, limekauka vizuri, na majani ya machipukizi hayajalegea hata moja. Tawi lenyewe nimeliweka kwenye chupa ya maji dirishani, si kwa matumaini yoyote. Sikutaka kulitupa siku hiyo hiyo.

Katika barua zangu za mwaka huu na uliopita, kila mahali nilipoandika habari za visiki viwili, nakuomba usome kimoja. Dada aliniambia unazihifadhi. Sitaki uwongo wangu ukae kabatini pamoja na kifaa cha kusikia. Kile kirefu nimekitoa nyuma ya tangi. Fundi mmoja hapa Ruiru anasema mti wake ni mgumu na anaweza kuuchonga. Nimemwambia atengeneze kijimeza cha kukalia chungu badala ya ule ubao, na ubao nitakurudishia ukiuhitaji.

Kwenye chipukizi la katikati, pale jani linapokutana na tawi, kumetokea vijipu vidogo vya kijani vitatu. Mwenyekiti amevitazama kwa kioo chake na hajui ni nini. Mimi najua kahawa huanzaje kuchanua, lakini nataka kuambiwa na wewe. Njoo Jumapili ya kwanza ya mwaka mpya, nitapika.

Jambo la mwisho. Lile gugu limetoka kwenye kikombe chake na kuingia kwenye chungu cha kahawa. Limeshika pembeni na limetoa ua moja. Sijaling'oa. Ukija, ubebe jembe.

Binti yako.